Mshono wa Ubavu wa Kushoto

Ukitaka kumkasirisha Mama Futi, mwambie atumie vipimo vyako vya zamani. Wateja wageni hawajui. Wanaingia na kitambaa kwapani, wanasema kwa nia njema kabisa kwamba vipimo vyao si viko kwenye daftari. Hapo fundi anaweka mkasi chini, anavuta futi kamba iliyomning'inia shingoni, na mteja anajikuta amesimama juu ya kigoda mikono hewani kama mtu anayekamatwa. Hata aliyepimwa wiki iliyopita anapimwa tena. Hata mwenyekiti wa kwaya, mwanamume mwenye tumbo la heshima, anayeapa kila mwaka kwamba hajanenepa, hupimwa, na futi humuumbua mbele za watu.

"Kipimo cha jana ni cha mtu wa jana," Mama Futi humwambia. "Mimi namshonea huyu aliyesimama hapa."

Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye dirisha pana linalotazama barabara. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia iliyoinuliwa kwa matofali ili isimuumize mgongo, pasi ambayo waya wake umezungushiwa gundi mara sita, na ndoo ya vipande vya nguo ambavyo havitupwi ng'o. Cherehani ya pili ni ya wifi yake, mdogo wa mumewe, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mrefu kuliko futi yenyewe. Yeye ndiye mtia vifungo na mpinda mapindo, na ndiye aliyembandika fundi jina la Mama Futi. Mawifi hao hutaniana kutwa, hununiana mara mbili kwa wiki, na siku mmoja asipofika mwenzake haoni hata tundu la sindano.

Mumewe mtaa mzima humwita Mwalimu. Alifundisha hesabu miaka thelathini na tano akastaafu, lakini hesabu zenyewe hazikustaafu. Huhesabu ngazi anapopanda, na ukimwambia utakuja kama saa nne hivi, atakuuliza hivi ni dakika ngapi. Ni mtu mpole. Anampenda mkewe kwa namna ya watu wa aina yake, yaani kimyakimya na kwa tarakimu.

Sasa, miaka minne iliyopita Mama Futi alianza kushiba kwa vijiko viwili. Akiinama kwenye cherehani, kitu kigumu kilimsukuma chini ya mbavu za kushoto. Akilala, aliloa jasho. Hospitalini wakamtoa damu, wakaitazama, wakamtoa nyingine. Chembe nyeupe zilikuwa zimezidi mara ishirini, na kile kigumu cha ubavuni kilikuwa wengu, uliovimba kwa kuzibeba. Ni saratani ya damu, akaambiwa, ile ambayo mwanzoni huenda polepole.

Daktari wa wakati ule, mzee ambaye sasa amestaafu, alikuwa na kipaji cha kueleza. Alipojua mgonjwa wake ni fundi cherehani, alichukua bahasha akachora. Ndani ya kila chembe kuna nyuzi za urithi, akasema. Kwako mbili zilikatika, vipande vikabadilishana mahali, vikaungwa ndivyo sivyo. Mama Futi akauliza ni nani aliyeunga kazi mbaya namna hiyo. Daktari akacheka, akamwambia hakuna mtu: si uchawi, si chakula, si ukoo, ni kosa lililotokea siku moja ndani ya chembe moja. Tatizo ni kwamba kiungo kile kibovu hutengeneza mashine mbovu inayotoa amri isiyokoma, zaa, zaa, zaa, kama cherehani ambayo kanyagio lake limenasa. Dawa aliyompa haikuwa ile inayopiga chembe zote mwilini na kupukutisha nywele. Ilikuwa kidonge kilichotengenezwa kwa ajili ya kosa hilo hilo moja. Kwenye ile mashine mbovu kuna kijimfuko; kidonge kinaingia mfukoni, kinatulia humo, na kanyagio linaachia. Ameze kimoja kila siku, baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji, bila likizo. Na kila miezi mitatu aje apimwe damu.

Mama Futi alielewa kuliko wanafunzi wa udaktari waliokuwa wamesimama nyuma na madaftari yao. Akarudi nyumbani, akakata utepe wa kitambaa cheupe upana wa vidole viwili, na siku alipomeza kidonge cha kwanza baada ya chai na mkate, akatia mshono mmoja wa msalaba. Siku ya pili akatia mwingine. Kila mwezi alibadili rangi, akitumia uzi wa kazi iliyokuwa mezani mwezi huo. Utepe ulipokuwa mrefu wa kumsumbua, aliuviringa na kuutia kwenye mkebe wa vifungo. Mwalimu aliuona mara moja mbili, akadhani ni urembo wa pazia la mteja, na kwa kuwa haukuwa na tarakimu, haukumvutia.

Kidonge kikafanya kazi yake. Wengu ukarudi mahali pake, jasho likakoma, chembe mbaya zikapungua hadi chini ya moja katika kila elfu. Daktari mzee alimpa mkono wa pongezi kabla ya kustaafu. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, maana hakuna kinachomponza binadamu kama kujisikia mzima. Msimu wa sare za shule ulipofika, foleni ya maabara ilionekana ndefu kuliko ilivyokuwa, na Mama Futi akaruka kipimo kimoja. Cha pili akakiruka kwa ajili ya magauni ya kwaya. Cha tatu na cha nne hakumbuki vizuri alikuwa na sababu gani, ila anakumbuka sababu ilikuwepo. Dawa alikwenda kuchukua kwa wakati. Karatasi yake ilikuwa ya mwaka mzima na dirishani hawakumuuliza kitu. Kumeza alimeza. Ghorofani, kwenye maabara, hakupanda. Mwanamke ambaye hakumwamini hata mwenyekiti wa kwaya kwa maneno matupu alijiamini mwenyewe bila futi.

Aliyegundua ni wifi. Jumamosi moja Mama Futi alitoka kwenda kununua uzi, akaacha gauni lake la bluu kitini, kifungo kimelegea. Wifi akalichukua akikaze, akaligeuza ndani nje, na jicho lake la kazi likasimama. Upande wa kulia, mshono wa ubavu ulikuwa mahali pake. Upande wa kushoto ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya, umepanuliwa kwa vidole viwili. Akaenda kwenye kabati akatoa gauni la kahawia: kushoto, vidole viwili. Akatoa lile la kutokea: vidole viwili na nusu, na uzi wake bado ulikuwa unang'aa.

Mtu akinenepa hunenepa pande zote mbili. Wifi alilijua hilo, na alikumbuka vizuri ni ubavu upi uliovimba miaka minne iliyopita. Akakaa na gauni mapajani, akaogopa.

Mama Futi aliporudi alikuta magauni matatu yamepangwa mezani ndani nje, ubavu wa kushoto juu. Akajaribu kusema kitambaa kilisinyaa kwa kufuliwa. Wifi akamuuliza ni kitambaa gani kinachosinyaa upande mmoja. Akajaribu kusema ni gesi. Wifi hakutania, na huko kutotania ndiko kulikomtisha.

"Wifi," akasema, "mteja angekuja na ubavu huu ungemuuliza ana nini. Wewe umejifumulia mshono ukanyamaza."

Mama Futi akaketi kwenye kigoda cha wateja. Akakiri kwamba gauni lilipoanza kumbana aliona hofu, na kabla kichwa hakijauliza mbano unatoka wapi, mkono ulikuwa umeshashika wembe wa kufumulia. Ndivyo mafundi walivyo. Nguo ikibana, mkono unatafuta mshono, hautafuti daktari. Jumatatu wakaenda hospitali wote watatu, pamoja na Mwalimu, na wiki iliyofuata wakarudi kwa majibu.

Kwenye kiti cha daktari mzee sasa aliketi kijana mwenye macho ya uchovu na koti jeupe ambalo bila shaka lilishonewa mtu mwingine. Mabega yalimwanguka, na mikono ilimfika kwenye vidole, hata ilimbidi aukunje wa kulia kila anapotaka kuandika. Mama Futi lile koti lilimuuma kuliko sindano. Lakini alilisahau aliposikia namba. Chembe mbaya, zilizokuwa chini ya moja katika elfu, sasa zilikuwa mia nne.

Daktari akaweka kalamu chini, akauliza lile alilopaswa kuuliza: Mama huwa anaruka vidonge? Mama Futi akasema hapana. Daktari akaeleza kwa upole kwamba hamtuhumu, ila namba zikipanda hivi, mara nyingi chupa huwa imelala kwenye droo. Mtu anapata nafuu, anachoka, anaacha leo, anaacha kesho. Kama dawa haimezwi, tiba yake ni kuimeza. Ila kuna jambo la pili. Ugonjwa wenyewe unaweza kuwa sugu, na ukishakuwa sugu hata mtu akimeza ndoo nzima haisaidii. Inabidi sampuli ipelekwe maabara kubwa, ionekane ni kasoro gani mpya imezuka, ndipo ichaguliwe dawa nyingine. Maabara hiyo ilipokea sampuli chache tu kwa mwezi. Na kumpa dawa ya pili mtu asiyemeza ya kwanza, akasema, ni kuiharibu na hiyo ya pili. Kisha akamgeukia Mwalimu, kama madaktari wafanyavyo wakitaka ukweli, akamuuliza yeye anaonaje.

Mwalimu akakohoa, akatazama viatu vyake. Hakusema kitu.

Basi daktari akaandika kwamba kwa wiki sita Mama Futi aje kila asubuhi ameze kidonge mbele ya muuguzi, halafu apimwe tena. Mama Futi akauliza wiki sita hizo, kama ugonjwa kweli ni sugu, wenyewe utakuwa unafanya nini. Kijana alikuwa mkweli. Akasema utakuwa unaongezeka, na ukitoka kwenye mwendo wa polepole ukaingia mwendo wa kasi, vidonge huwa vigumu kuushika.

"Kwa hiyo uhai wangu uko kwenye kuaminiwa," Mama Futi akasema.

Akasimama, akachukua mkoba, akatangulia kutoka. Njia nzima alitembea mbele peke yake.

Nyumbani aliketi mbele ya mumewe, akamuuliza kile kimya kilikuwa cha nini. Mwalimu akaenda chumbani, akarudi na daftari la mistari ya miraba. Miezi saba alikuwa anahesabu vidonge chupani kila mkewe akienda kuoga. Ilikuwa imeandikwa yote, kwa mwandiko wa ubaoni. Kila mwezi unapewa thelathini, akasema, na kila mwezi vinabaki. Sasa hivi vya ziada ni kumi na vitatu.

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa jibu," Mwalimu akasema. "Niliogopa utaniambia umechoka. Ukichoka wewe, mimi sina hesabu nyingine."

Mama Futi alikuwa amekasirika kweli, na bado alikuwa amekasirika, lakini moyo ulimlainika hapo hapo. Akamuuliza dirisha la dawa siku hizi linatoa miadi kila baada ya wiki ngapi. Nne, Mwalimu akajibu. Tangu waanze utaratibu mpya ni Jumanne ya kila wiki ya nne. Wiki nne ni siku ngapi? Ishirini na nane. Na vidonge wanatoa vingapi? Mwalimu alifungua mdomo aseme thelathini, akaufunga. Viwili kila mara, mara saba, kumi na vinne. Akavua miwani. Akauliza kwa sauti ndogo, basi kile kimoja kiko wapi. Mama Futi akamwambia kilimponyoka kikaingia kwenye tundu la sinki, akameza kingine.

Wifi, aliyekuwa anasikiliza mlangoni kama ilivyo desturi yake, alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Miaka thelathini na tano ya watoto wa watu, akasema, na mwezi anaufanya wiki nne. Mwalimu akaomba radhi mara tatu. Radhi akapewa, ila radhi ya mume haitoshi mbele ya daktari, na Mama Futi alilijua hilo. Akaenda kwenye mkebe wa vifungo.

Asubuhi iliyofuata aliukunjua utepe juu ya meza ya daktari. Ulijaza meza, ukashuka kwenye kiti, ukapanda kitanda cha wagonjwa. Akaeleza: kidonge kimoja, mshono mmoja. Mwalimu, ambaye safari hii hakutazama viatu, akasema amehesabu tangu saa kumi na moja alfajiri. Siku ni elfu moja mia tano ishirini na moja, mishono elfu moja mia tano kumi na tisa.

Daktari alipapasa utepe kwa kidole kilichotoka ndani ya mkono wa koti. Akasema, kwa heshima, kwamba fundi hodari angeweza kushona yote haya kwa siku chache.

Mama Futi alilitarajia hilo. Akamwonyesha mwanzo wa utepe, ambapo nyekundu ilikuwa imepauka na kitambaa kimekuwa cha manjano, na mwisho wake, ambapo rangi zilikuwa bado kali. Halafu akamwomba muuguzi asogee. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye kupata mshipa kwa mara moja, na sare yake ya kijani aliijua Mama Futi vizuri kwa sababu aliishona yeye, miaka miwili nyuma, pamoja na sare za wodi nzima. Akamwomba ageuze pindo. Uzi wa pindo na uzi wa mwezi ule ulikuwa mmoja, na ulikuwa umezeeka sawasawa. Muuguzi akainama akautazama kwa muda, akasema huu ni wa kwetu, hata mahakamani nitasema.

Kidole cha daktari kilikuwa kimefika mahali kitambaa kilipokuwa kitupu, nafasi ya mishono miwili. Akauliza hapa vipi. Mama Futi akajibu kwamba zile ni siku mbili za mwaka wa pili alizokwenda kumuuguza dada yake, chupa akaisahau juu ya cherehani. Alirudi mbio, lakini siku mbili hazikuwa na kidonge, na pasipo kidonge hatii mshono.

"Mwongo hajiachii pengo," daktari akasema. Akaukunja mkono wa koti, akavuta karatasi ya kuomba sampuli ipelekwe maabara kubwa.

Mama Futi alipumua kwa mara ya kwanza tangu jana. Angeondoka na ushindi mzima kama muuguzi asingekuwa ameshafungua faili. Utepe wa vidonge ameuona, muuguzi akasema, na ni mzuri. Sasa angependa kuuona utepe wa vipimo vya damu. Maana kwenye faili kuna nafasi nne tupu, mwaka mzima, na ugonjwa ulipoanza kubadilika ungeonekana ukiwa bado mdogo. Hii yote kutoka kwa mtu asiyemruhusu mteja kuvaa suruali bila kupandishwa kigodani.

"Kinyozi hajinyoi," muuguzi akamalizia.

Mama Futi akasema ni kweli. Akamgeukia wifi yake aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akamwambia ahsante na samahani kwa pamoja, na wifi, ili asilie mbele za watu, akasema atayapokea yote mawili ila angependelea kitenge.

Majibu yalichukua wiki tatu. Daktari aliwaketisha, akaanza kueleza kwamba chembe mbaya zinapozaana, mara moja moja huzaliwa yenye kasoro juu ya kasoro. Dawa inawaua wenzake wote, hiyo moja haishikiki, nayo inabaki na nafasi yote peke yake. Katika damu ya Mama alama moja ndogo imebadilika kwenye maelekezo ya ile mashine mbovu, na kwa hiyo ule mfuko—

"Umebadilika umbo," Mama Futi akasema. "Kidonge hakiingii."

Ndivyo, daktari akasema. Ila kuna kidonge kingine, kilichokatwa kwa namna tofauti. Hakiwezi kila badiliko, lakini hili la kwako kinaliweza.

"Kumbe mteja amenenepa," Mama Futi akasema, "na sisi tunamvalisha kwa vipimo vya miaka minne."

Kijana akacheka, na ilionekana hakuwa amecheka siku nyingi. Kisha akasema kwa uwazi kwamba hawezi kuahidi. Baada ya miezi mitatu wanataka ile mia nne ishuke chini ya mia moja. Isiposhuka, itabidi watafute njia nyingine, na njia nyingine ni ngumu.

Dawa mpya ilikuwa na masharti kama mama mkwe. Mara mbili kwa siku, tumbo likiwa tupu, bila chakula saa mbili kabla na saa moja baada. Mwalimu alizaliwa upya. Akabandika ratiba ukutani kwa rangi tatu, akanunua saa ya mezani yenye kengele, na chai ya asubuhi ikawa haramu kwa nyumba nzima mpaka saa moja na nusu, hata kwa wateja. Wifi alilalamika kwamba yeye hana saratani, ana njaa. Wiki za kwanza Mama Futi aliumwa kichwa, ngozi ikamwasha mikononi. Akashona hivyo hivyo, akijikuna kwa ncha ya rula. Utepe mpya ulikuwa na mishono miwili kila siku. Na kila alipopimwa damu alishonea kifungo. Wiki ya pili cha kwanza, mwezi wa kwanza cha pili, na foleni ya maabara aliikuta fupi kuliko alivyokuwa akiisimulia.

Alikuwa na hofu, nisikufiche. Alicheka na wateja, akamwambia mwenyekiti wa kwaya kwamba safari hii futi yenyewe imeomba likizo, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa ukishuka ubavuni kila mara, kupapasa. Mwalimu aliuona ukishuka. Hakuuhesabu.

Mwezi wa tatu ulipotimia walikwenda wote watatu. Daktari alikuwa amesimama walipoingia, karatasi mkononi, na Mama Futi hakupenda kuona mtu amesimama.

"Kumi na nane," daktari akasema.

Mwalimu akauliza kumi na nane katika mia au katika elfu. Katika elfu, daktari akasema, na bado zinashuka. Mwalimu akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa akalia waziwazi, bila aibu, leso ikiwa mfukoni. Mama Futi alimshika bega. Kisha akafanya jambo ambalo alikuwa amelitamani kwa muda mrefu. Akavuta futi kamba kutoka kwenye mkoba, akamwambia daktari asimame wima. Kijana akajaribu kusema kwamba vipimo vyake viko kwa watu wa stoo. Muuguzi akamwonea huruma, akamwambia anyooshe tu mikono.

Nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, Mama Futi alipanda juu ya kigoda cha wateja. Wifi akafungua daftari kutafuta ukurasa wake wa zamani. Mama Futi akamwambia alifunge. Akainua mikono hewani, na kwa mara ya kwanza tangu wafanye kazi pamoja, alisimama akapimwa. Wifi alipima kutoka uti wa mgongo hadi katikati ya tumbo, kulia. Akapima kushoto. Akaipima kushoto mara ya pili, hakumtania mtu.

"Sawa na kulia," akasema.

Mwalimu akaandika namba mbili, akaziangalia, namba ile ile mara mbili. Mama Futi akashuka, akachukua gauni la bluu, akaligeuza ndani nje na kuanza kufumua mshono wa ubavu wa kushoto ili aurudishe mahali pake. Vidole viwili vya kitambaa vikabaki ndani, na wifi akamsogezea mkasi avikate.

"Hapana, acha vikae," Mama Futi akasema. "Huyu anaweza kubadilika tena. Mwalimu, niandikie hapo tarehe ya kipimo kijacho."

Mwalimu alikuwa ameshaiandika. Zilikuwa zimebaki siku tisini na moja, na safari hii alizihesabu kwenye kalenda, moja moja.